Vifuniko Sitini na Vinne

Strumica, Jumamosi, 14 Septemba

Daftari hili ni la shule. Mwalimu Pavlina, anayetufundisha biolojia na ndiye msimamizi wa darasa letu, ametuagiza tuandike tunayoyaona kuanzia msimu wa pilipili hadi theluji ya kwanza: hali ya hewa, mimea, kazi za nyumbani. Amesema tuandike kweli, hata ikiwa ni mstari mmoja tu kwa siku. Mimi ni Bisera, nina miaka kumi na mitano, na nitajitahidi.

Leo tumetengeneza ajvar, rojo ya pilipili za kuchoma tunayoihifadhi kwenye chupa kwa msimu wa baridi. Baba alileta magunia ya pilipili hoho nyekundu alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi Bibi Trajanka alikuwa ameshawasha jiko lake la chuma uani. Bibi ni mama yake Baba. Ana miaka sabini na minane na hapendi mtu mwingine aguse moto wake. Alizigeuza pilipili kwa vidole vitupu mpaka ngozi ikawa nyeusi. Mimi na Mama tukamenya, Baba akasaga, kisha Bibi akasimama mbele ya sufuria kubwa na mwiko wake kwa saa tano bila kukaa.

Jirani yetu, Bi Gjurgja, alitokeza kichwa juu ya ukuta. "Trajanka! Moshi wako umenichafulia mashuka!"

"Mashuka yale?" Bibi akamjibu bila kugeuka. "Yalikuwa hivyo tangu Pasaka. Mshukuru moshi, umepata wa kumsingizia."

Mwaka huu nimepewa kazi ambayo zamani ilikuwa ya Mama: kufuta midomo ya chupa na kukaza vifuniko. Bibi alisema, "Mikono yako inapenda maji kuliko bata. Ndiyo mikono ninayoitaka." Tulizichemsha chupa zilizojaa, tukazipanga sakafuni jikoni na kuzifunika mablanketi ili zipoe polepole. Kesho asubuhi kila kifuniko kinatakiwa kiwe kimebonyea katikati, na ukikigusa kisicheze. Siku ya kufungua, chupa lazima ilie, pah! "Chupa isiyolia," Bibi alisema, "usiile hata kama una njaa ya vita."

Zimetoka chupa sitini na nne.

Jumapili, 15 Septemba

Vifuniko vyote vimebonyea. Tumezishusha chupa stoo ya chini. Jua kali.

Jumanne, 17 Septemba

Mvua kidogo asubuhi.

Alhamisi, 19 Septemba

Mwalimu Pavlina ametufundisha kuhusu bakteria wanaoishi pasipo hewa. Alichora chupa ubaoni, na kifuniko chake. Alisema baadhi yao hutoa sumu ambayo huwezi kuiona, kuinusa wala kuionja, na ndiyo maana bibi zetu wana bidii ya kuchemsha. Kengele ikalia, wenzangu wakakimbilia kantini. Mimi nilibaki nikiitazama ile chupa ya ubaoni.

Nilikumbuka kwamba siku ile kitambaa changu cha kufutia kilianguka sakafuni. Nilikibadilisha. Nadhani nilikibadilisha. Nilipofika nyumbani nilishuka stoo na mkoba ukiwa bado mgongoni, nikabonyeza vifuniko vyote sitini na vinne, kimoja kimoja. Hakuna kilichocheza. Nikapanda juu nikiwa na amani.

Amani hiyo ilidumu mpaka nilipomaliza kunawa mikono.

Jumatatu, 23 Septemba

Ukurasa huu sitaupeleka shuleni. Nimenunua daftari jingine la mawingu na majani, na la kwanza nitalificha.

Nabonyeza vifuniko kila siku. Asubuhi kabla ya shule, na jioni nikirudi. Najua vimekaza. Kidole kinajua, lakini kikitoka tu juu ya kifuniko, kichwa kinaniuliza: una hakika? Nikirudia kikiwa kimekaza, kinaniuliza tena kwa sauti ileile. Nikiacha kimoja, namwona Baba amelala sakafuni na kipande cha mkate mkononi. Simwazii kwa kupenda. Namwona tu.

Vifuniko 64, mara mbili.

Jumatano, 2 Oktoba

Vifuniko 64, mara nne. Nimechelewa shule. Nimesema basi lilichelewa.

Jumapili, 6 Oktoba

Naona haya kuandika haya, lakini nilifundishwa kwamba jambo likiandikwa vizuri hupungua ukubwa.

Nimeacha kula ajvar. Mwanzoni ilikuwa hiyo tu, ile ya chupa ndogo ya mezani isiyohesabiwa na zile sitini na nne, kwa kuwa sikutaka kula kitu nilichokifunga mimi. Baadaye nikaacha kinachopakuliwa kwa kijiko kilichoingia ndani ya ajvar, halafu chochote kilichokaa meza moja nayo. Sheria hizi sikuzitunga. Zinakuja zimeshakamilika, kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha hodi. Iliyo mpya inasema nisile kabla sijamaliza kukagua, kwa sababu nikila kabla, mmoja wao atakufa. Na kukagua hakuishi.

Kwa hiyo nakula kidogo. Kuna jambo jingine ambalo sikulitarajia: nikikaa na njaa, kichwa kinanyamaza. Tumbo likiwa tupu, najisikia safi kama chumba kilichofagiliwa. Kwa muda, hakuna anayeniuliza kitu.

Mezani Bibi aliniambia, "Binti, unakizungusha hicho chakula kama unakitafutia mchumba."

Nikacheka. Nikazungusha tena.

Ijumaa, 11 Oktoba

Sikukuu, hakuna shule. Shangazi Sofka, dada yake Baba, amekuja kutoka Skopje kuchukua chupa zake. Alinishika mabega mlangoni akanigeuza kama nguo dukani.

"Heee! Bisera! Yale mashavu umeyapeleka wapi? Umekuwa mwanamke sasa. Kiuno kama cha nyigu!"

"Nyigu ana faida gani?" Bibi akasema. "Keti, Sofka. Na wewe Bisera keti, kuna supu."

Nimeandika mwanzoni kwamba nitasema kweli. Nilifurahi. Nilipanda chumbani kwangu nikajitazama kwenye kioo, na hofu yangu yote ya chupa ikawa kimya kwa dakika kadhaa kwa kuwa kulikuwa na kitu kingine cha kukagua. Nikadhani nimepata dawa. Nilichopata ni kazi ya pili. Sasa nakagua vifuniko na nakagua mkanda wa suruali, na vyote viwili vinaniuliza swali lilelile: una hakika?

Shangazi alitaka kuondoka na chupa zake leo. Nikamwambia gari lake limejaa na zitavunjika, azichukue mwezi ujao, siku ya Mtakatifu Dimitri. Alikubali. Nisingeweza kuzikagua zikiwa Skopje.

Jumatatu, 14 Oktoba

Stefka, ninayekaa naye dawati moja, amenikatia nusu ya mkate wake wa jibini.

"Kula."

"Nimekula nyumbani."

"Umekula nini?"

"Chakula."

"Jibu la kumpa polisi hilo," akasema. Hakucheka. Aliuacha mkate juu ya daftari langu mpaka kengele. Doa la mafuta bado lipo.

Vifuniko 64, mara saba.

Jumapili, 20 Oktoba

Lazima niandike leo, kwa kuwa kesho nitajiambia halikutokea.

Wote walikwenda kwa Bi Gjurgja. Leo ndiyo zamu yake ya kukeneka rakija, pombe kali ya matunda, na huko watu hukaa kuzunguka mtambo kutwa nzima, wanaonja na kubishana. Nilisema nina mtihani. Nilikuwa nasikia vicheko vyao kupitia ukutani. Sauti ya Bibi ilikuwa juu ya zote, ikimkemea Baba: "Vancho, mwanangu, hiyo si kuonja, hiyo ni kuoga!"

Nilishuka stoo. Nilibonyeza vifuniko mara tatu, na mara ya tatu nikahisi kimoja kimecheza. Kimecheza au kidole changu ndicho kilichotetemeka? Kubonyeza tena kusingenisaidia. Nikawaza kwamba kuna njia moja tu ya kujua: kuifungua. Kijiko kilikuwa mfukoni mwangu. Inaonekana nilikuwa nimewaza hivyo tangu nilipokuwa juu.

Nikapenyeza mpini wake chini ya kifuniko. Ilisema pah!

Ililia. Ilikuwa nzima. Nilinusa, nikasikia moshi wa siku ile, nikakaza kifuniko nikairudisha mahali pake. Nilipata amani kubwa ambayo sikuwa nimeipata tangu Septemba. Kisha nikaitazama ya pili. Kama ile ililia, hii je?

Nilifungua chupa thelathini na moja. Zote zililia. Kila moja ilinipa amani fupi kuliko iliyotangulia, mpaka mwisho amani ilikuwa ya urefu wa mlio wenyewe. Niliacha kwa sababu nilisikia geti. Nilikaza vifuniko kwa nguvu zangu zote, nikafuta kila kimoja. Mtu akitazama haoni kitu.

Najua nilichofanya. Nimefundishwa na Mwalimu Pavlina na nimefundishwa na Bibi. Chupa ikishalia, hewa imeingia. Nilikaa juu ya ngazi nikijua hivyo, na kichwa changu kilikuwa kinaniuliza ni zipi thelathini na tatu ambazo sijazikagua.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikumwambia mtu.

Jumatano, 30 Oktoba

Ukungu bondeni, mlima hauonekani. Sijashuka stoo tangu siku ile. Siwezi kuziangalia. Ningekuwa na akili ningefurahi kwamba nimeacha, lakini sijaacha. Yote yamehamia kwenye sahani. Nakata kila kitu vipande, navihesabu, nikikosea naanza upya, na chakula kikishapoa nasema nimeshiba. Mama anarudi kutoka kiwanda cha nguo amechoka sana, na ananitazama kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Kuna mtu shuleni anakusumbua?"

"Hapana."

Yote mawili ni kweli kwa namna ninayoionea haya.

Ijumaa, 8 Novemba. Mtakatifu Dimitri

Watu kumi na mmoja mezani. Shangazi Sofka na mume wake, Bi Gjurgja, wenzake Baba wa kwenye vitalu vya nyanya. Bibi alivaa aproni yake nyeupe ya sikukuu. Baba alishuka stoo, akarudi na chupa akaiweka katikati, kama kila mwaka, wote wanyamaze wasikie.

Alizungusha kifuniko. Hakikulia.

"Imekauka sauti," mume wa Shangazi akasema, watu wakacheka. Baba alikuwa ameshaiinamisha kwenye taa. Juu ya ule wekundu palikuwa na manyoya meupe ya ukungu.

"Lete nyingine," Bibi akasema.

Ya pili haikulia. Ya tatu ikalia, na watu wakapiga makofi, na nikadhani labda. Ya nne haikulia, na ukungu wake ulikuwa umeshuka mpaka pembeni mwa kioo.

Hapakuwa na wa kucheka tena. Shangazi Sofka aliweka mkono juu ya mkono wa Bibi. Nadhani alikusudia wema.

"Mama, basi. Umefanya kazi hii miaka sitini. Mikono yako imechoka, na kichwa nacho kinachoka, si aibu. Mwakani tutanunua dukani."

"Vifuniko nilivichemsha," Bibi akasema.

"Mama, una hakika?"

Sikuwa nimewahi kusikia maneno hayo kutoka nje ya kichwa changu. Nilimtazama Bibi. Aliitazama mikono yake, upande wa juu kisha viganja.

"Nilidhani nilivichemsha," akasema.

Bibi alifungua aproni yake, akaikunja mara nne na kuiweka juu ya kiti, kisha akaenda chumbani kwake. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na mlango. Alipita nikasikia harufu ya sabuni yake. Ningeweza kumshika sketi.

Nilihesabu vipande vya kabichi kwenye sahani yangu. Vilikuwa kumi na tisa.

Jumapili, 10 Novemba

Shangazi anataka zote zimwagwe. Bibi amesema zisiguswe mpaka aone daktari. "Kama kosa ni la kichwa changu, mwageni zote, sitazitetea. Kama sivyo, kuna nzima humo." Ufunguo wa stoo amempa Mama. Ufunguo huo ulikuwa shingoni mwake tangu kabla Baba hajazaliwa, ingawa mlango wenyewe haujafungwa miaka mingi.

Zipo nzima thelathini na mbili. Mimi peke yangu ndiye ninayejua.

Ijumaa, 15 Novemba

Mvua. Sikumwambia.

Jumanne, 19 Novemba

Leo tumeweka kabichi kwenye pipa kwa ajili ya msimu wa baridi. Bibi hakutaka, Mama akamsihi. Nilikuwa nampa vichwa vya kabichi, naye akivipanga na kutia chumvi.

Katikati ya kazi alisimama.

"Bisera. Nimeshatia chumvi hapa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Uliniona?"

"Nilikuona."

Akapanga kabichi mbili, akasimama tena. "Na huku? Huku nimetia?" Akachovya kidole, akaonja maji, akatikisa kichwa. Akaonja tena. Bibi yangu, ambaye hupika bila kupima, ambaye huweka mkono kwenye mfuko wa chumvi na kuutoa na kiasi kinachotosha nyumba nzima. Aliniuliza mara tisa. Mara ya tisa aliniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Nilimjibu kila mara, na niliona kila jibu lilivyomtuliza, na lilivyoisha kabla hajashika kabichi nyingine. Naijua hiyo amani. Naujua urefu wake. Nimechukua ugonjwa wangu nikampa yeye.

Mwalimu alituambia tuandike tunayoyaona. Nimeona hivyo.

Jumatano, 27 Novemba

Daktari wa mishipa ya fahamu atamwona Bibi Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe tano, saa nne. Baba ameomba ruhusa kazini.

Bi Gjurgja alikuja kuuliza kuhusu jiko la chuma. Alikuwa mnyenyekevu mno, haikumfaa. "Kama hutalitumia tena, Trajanka. Si kwamba nina haraka."

"Lichukue leo," Bibi akasema. Hakumtania hata kidogo. Bi Gjurgja aliondoka akipangusa macho na ncha ya kitambaa chake cha kichwa.

Jumatatu, 2 Desemba

Theluji ya kwanza. Nimekabidhi shuleni lile daftari jingine. Mwalimu Pavlina amenipa tano, alama ya juu kabisa, na kuandika: "Jicho aminifu." Humo ndani kuna mawingu tu.

Nilikwenda chooni nikafungua maji yatoke kwa nguvu ili nisisikike nikilia. Stefka alisimama nje ya mlango. "Sitakuuliza," akasema. "Lakini siondoki." Na hakuondoka, akakosa nusu ya somo la hesabu.

Jumatano, 4 Desemba

Nimemwambia.

Nilirudi kutoka shule saa nane mchana. Bibi alikuwa jikoni peke yake, amevaa nguo atakazovaa kesho kwa daktari, anajaribu kama zinamtosha. Alikuwa ameandika kwenye karatasi tarehe, jina la rais, majina ya watoto wake na siku zao za kuzaliwa, na alikuwa anayakariri kwa kunong'ona. Bi Gjurgja alimwambia kwamba huko wanauliza maswali hayo.

"Nisikilize," akaniambia, akinipa karatasi. "Nikikosea, usinionee huruma."

Sikuweza kuishika. Nilisema, "Bibi, ni mimi niliyefungua chupa."

Hakunielewa. Nikarudia. Nikamwambia kijiko, siku ya rakija, chupa thelathini na moja. Nikamwambia zote zililia. Nililisema hilo mara mbili, kwa sababu ndilo lililokuwa la muhimu: zote zililia, Bibi, zote zilikuwa nzima.

Nilitarajia anikumbatie. Nimeona haya hata kwa kutarajia hivyo. Alipiga meza kwa kiganja hadi karatasi ikaruka.

"Wiki nne! Wiki nne nalala nikichemsha vifuniko kichwani! Nimegawa jiko langu! Nimemwachia Sofka anishike mkono kama maiti! Na wewe ulikuwa umeketi pale!"

"Nilikuwa nimeketi pale," nikasema.

"Kwa nini? Ulikuwa na njaa? Ulitaka kuonja? Sema, mtoto, nipate cha kuelewa!"

Nikamweleza. Sikujua kama yanaelezeka. Kitambaa kilichoanguka, kubonyeza, Baba sakafuni na mkate mkononi, sheria zinazoingia bila hodi, njaa inayofagia. Nilimwambia hata kuhusu kioo na nyigu. Niliongea nikitazama sakafu. Nilipomaliza, hasira yake haikuwa imekwisha, lakini alikuwa amevuta kiti karibu nami na kukaa.

Alinishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikizunguka, vikapitana.

"Nilitazama chupa," akasema. "Wewe sikukutazama."

Kisha akauliza jambo ambalo bado naliwaza. "Lile swali linalokuuliza. Linauliza una hakika?"

"Ndiyo."

"Na ukishajibu?"

"Linauliza tena."

"Mungu wangu," Bibi akasema. "Mimi nimekuwa nalo mwezi mmoja tu na nimekaribia kufa. Nawe unalo tangu pilipili?"

Jioni mezani alinifanya nimwambie Mama na Baba mwenyewe. Alisema yeye hatanisemea, lakini atakaa kando yangu. Mama alilia. Baba alisema, "Mimi sakafuni? Na mkate?" na akajaribu kucheka, ikashindikana, akatoka nje kuzoa theluji ambayo alikuwa ameshaizoa.

Alhamisi, 5 Desemba

Tulikwenda wote. Saa nne kamili Bibi aliketi mbele ya daktari akasema, "Daktari, kichwa changu ni kizima. Mgonjwa wa kweli ni huyu. Nampa nafasi yangu."

Daktari, mzee mwenye sweta, alisema nafasi haigawiwi hivyo. Alimpa Bibi karatasi achore saa. Bibi alichora, akaongeza ndege anayetoka kulia saa kamili. Alijibu yote. "Mama mzazi," daktari akasema, "kichwa hiki nakionea wivu." Halafu akapiga simu, na yeye mwenyewe akatupandisha ghorofa ya juu kwa daktari wa vijana, Daktari Anteska.

Daktari Anteska ni mwanamke mfupi, anaongea polepole. Walinipima moyo, damu na uzito, na aliniomba nisimame juu ya mizani nikizipa mgongo namba zake, nisione. Alinisikiliza bila kuandika. Nilimuuliza kama mimi ni mwendawazimu au ni mwovu, kwa kuwa nilitaka kujua kipi nijiandae nacho.

"Una magonjwa mawili," akasema, "na yanafahamiana sana. Moja linakulazimisha ukague ili kusitokee baya. La pili linakulazimisha usile. Wengi wanaougua moja wanalo na la pili. La kwanza likichoka, la pili linashika zamu. Ndiyo maana njaa ilikutuliza. Hukupona, zamu ilibadilika."

"Yanatibika?"

"Yanatibika. Polepole, na si kwa kukaripiwa. Utakula kwanza, kwa sababu kichwa chenye njaa hakijifunzi kitu. Na utajifunza kuliacha lile swali liulize, usilijibu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka lichoke."

Nitakwenda kila wiki. Mama ataketi nami kila mlo, Bibi atashika zamu Mama akiwa kiwandani. Nilikula supu nyumbani. Ilinichukua saa nzima na nililia ndani yake. Bibi alisema haikuhitaji chumvi zaidi.

Ijumaa, 13 Desemba

Wiki ngumu. Jumanne nilificha mkate kwenye mkono wa sweta, Bibi akaukuta. Hakupiga kelele. Aliuweka mezani, akasema, "Tuanze upya," akakaa.

Jana nilimpelekea Mwalimu Pavlina daftari hili, kurasa zote. Amelirudisha leo. Hakuweka alama. Aliniambia, "Siku ile kengele ilinikatiza, na sikuwafuata kuwaambia kwamba kuchemsha vizuri kunatosha." Nikamwambia nisingemwamini hata angesema. Akasema anajua sasa, amesoma.

Alhamisi, 19 Desemba. Mtakatifu Nikola

Watu walewale kumi na mmoja, mara hii kwa samaki na maharage, maana ni mfungo. Niliomba kusema kabla chakula hakijaliwa. Bibi alisema si lazima, nikasema ni lazima, kwa kuwa walimwona akivua aproni.

Nilisimama. Nilisema kwamba chupa zilizoharibika nilizifungua mimi, kwamba Bibi hakukosea kitu, kwamba naumwa na natibiwa. Sauti yangu ilikuwa nyembamba. Shangazi Sofka aligeuka mwekundu kama ajvar yenyewe. "Na mimi nikakusifia," akasema. "Mungu anisamehe, nikakusifia." Halafu akamgeukia Bibi. "Mama."

"Mwakani utamenya magunia mawili peke yako," Bibi akamwambia. "Tutasameheana hapo katikati."

"Na jiko?" Bi Gjurgja akauliza. "Limeshazoea kwangu!"

"Gjurgja, lirudi uani kwangu kabla ya kahawa, la sivyo nitaeleza kuhusu mashuka."

Baba alishuka stoo, ambako sasa zimebaki zile nzima tu, nyingine tumezimwaga, akaleta chupa. Bibi alikuwa amevaa aproni. Hakumpa Baba aifungue. Aliisukuma mbele yangu, pale mezani, na mkono wangu ukaenda wenyewe juu ya kifuniko, kidole cha shahada tayari kimekunjwa. Kichwa kilikuwa kimeshaanza. Una hakika hii si ile ya kitambaa? Una hakika?

Sikubonyeza. Sikulijibu. Nilizungusha.

Pah!

Walishangilia, na mimi bado nilikuwa na hofu, nataka niandike hivyo bila kupamba. Bibi alipaka ajvar kwenye kipande cha mkate, akakikata nusu. Nusu moja akaitia mdomoni mwake kwanza, akitafuna huku ananitazama. Nusu ya pili ikabaki kwenye sahani yangu.

Ilikuwa na ladha ya moshi, ya Septemba. Niliitafuna, nikameza. Sikuhesabu. Au nilihesabu mpaka sita, kisha Bi Gjurgja akaanza kubishana kuhusu jiko, na nikapotelewa na hesabu, na hakuna aliyekufa.

Bibi alivua ufunguo wa stoo kutoka shingoni, ambao Mama alimrudishia juzi, akauonyesha mezani ili wote wauone, akaurudisha ndani ya nguo yake. Kisha akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyowauliza wengine wote:

"Nikuongeze?"

Nilisema, "Kidogo."